Ndoo ya Maji Niliyokunyima, Kabula

Kabula mwenzangu, mayu,

Mwangaluka. Huko uliko sijui kama kuna asubuhi, lakini nikianza bila salamu utaninunia, nakujua. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, darasa la nne la zamani, na mwandiko huu hata karani wa ushirika alikuwa anausifu.

Sikuja kukuzika. Naanza na hilo, maana nikilizungusha nitalikimbia. Nyumba yako na yangu zimetengwa na mstari wa minyaa tu, na sikuja.

Asubuhi ile niliposikia kilio nilichota maji ya kuleta msibani kama wanawake wote. Ndoo ikajaa, nikaiweka mlangoni, nikaingia kutafuta khanga ya kujifunga. Ndipo mzee wa kanisa akafika na baiskeli. "Mama Mtume, Mtume amekataza. Asitoke mtu. Wafu wazikwe na wafu wao."

Mtume mwenyewe si ni Jilala wangu? Alikataza kwa sababu uligoma kubatizwa upya mtoni Simiyu. Ulimjibu mbele ya watu, "Nilishabatizwa, mwanangu. Mungu hajasahau jina langu." Watu wakacheka. Hakukusamehe kile kicheko.

Basi nikakaa ndani. Nilisikia majembe yakigonga mawe upande wako. Wanawake walipita na ndoo kichwani, wakifika kwangu wanapunguza mwendo. Ngolo, mdomo wake unaujua, akasema kwa sauti, "Mwacheni huyo. Maji yake ni ya watakatifu." Kabula, yale maji jioni niliyamwagia mchicha. Umestawi kuliko wa mtu yeyote hapa Zagayu. Sijaweza kuula.

Nilipomzaa Jilala ziwa langu lilipata jipu, nikalala na homa, na mtoto analia. Wewe ulikuwa unamnyonyesha Limi. Ulivuka minyaa, ukakaa kwenye kigoda changu, Limi ukampa ziwa la kushoto, Jilala la kulia. Ukaniambia, "Huyu wako ananyonya kama ndama aliyekata kamba!" Nilicheka na jipu likauma. Miezi miwili ulivuka. Mdomo uliokataza watu kukuzika ulianza kushiba kwako.

Lakini nisijifanye sikufurahi. Nilifurahi sana! Jilala aliporudi kutoka Mwanza akiitwa Mtume, na suti, na vipaza sauti, na lile jenereta, ni mama gani Bariadi nzima alikuwa na mtoto kama wangu? Siku hizi kila kitu ruhusa. Pamba inanunuliwa na mwenye lori yeyote, mitumba imejaa gulioni, na makanisa yanaota kama uyoga. Katika uyoga wote huo, wa kwangu ndio uliokuwa mkubwa. Niliwekewa kiti cha mbele, chenye mto. Nikapita hata kwako kukuringia, ukanipa michembe ya viazi na chai, ukasema tu, "Mtoto akipaa, mama ashike kamba." Nikadhani ni wivu.

Sasa sikia lililonikata. Baada ya mavuno alifariki baba wa mnunuzi wa pamba aliyemnunulia Jilala lile jenereta, huko Lagangabilili. Mzee yule hakuwahi kuingia kanisa lolote, wala la kwetu wala la zamani. Nani alikuwa mbele ya jeneza? Jilala wangu. Na koti. Na kitambaa cha kujifutia machozi. Ngolo aliyaona kwa macho yake, akaja kunisimulia huku anakula karanga zangu.

Nilimwendea mwanangu. Nikamuuliza, vipi wafu wale? Akasema, "Mama, pale palikuwa na mlango wa injili." Nikamwambia, na kwa Kabula palikuwa na nini, ukuta? Akanijibu kwamba mamlaka ya kitume hayahojiwi. Mimi, Kabula! Mimi niliyemfunga nepi.

Nimekaa nikafikiri sana. Sisemi mamlaka hayapo. Nayaamini hadi leo. Waumini wasio na mtu wa kuwaambia "hapana" ni ng'ombe walioachiwa shamba la mtama. Lakini hapa kwetu hata mtemi wa sungusungu akikosa msiba anatozwa mchenya, faini yetu ya kijiji, kama mimi na wewe, na ndiyo maana tukisikia filimbi yake tunatoka mbio. Yule mzee aliyetubatiza zamani alikuwa akifundisha asubuhi, mchana anachimba kaburi la yeyote, mpaka viatu vinajaa udongo. Hakuna aliyewahi kumhoji. Nani angethubutu? Huyu wangu ana mtume gani juu yake wa kumtoza?

Basi mimi nimelipa mchenya wangu. Jilala alisema kulipa ni kuinamia giza. Nikalipa. Nilipika ugali wa mtama na kunde, vyungu viwili, nikawaandalia wanawake uani kwako, nikasimama mpaka wa mwisho akanawa. Hakuna aliyenisemesha. Mwishoni Ngolo akasema, "Chumvi imepungua," nikajua nimesamehewa. Chumvi haikupungua, mayu. Kunde zangu unazijua.

Limi wako akanipakulia sahani. Hapo ndipo nilipolia, tena kwa sauti, kilio chote cha siku ile.

Juzi nilikwenda kanisani katikati ya mahubiri. Sikukaa kwenye kiti chenye mto. Nilisimama nikiwa na ndoo yangu ile ile, nikaiweka mbele ya mwanangu, kavu. Nikamwambia, "Jilala, chota kisimani, jitwike, upite njia kubwa watu wakuone, umpelekee Limi dada yako wa ziwa. Siku hiyo nitakuita Mtume, mimi wa kwanza, na nitakaa popote utakaponiweka." Vipaza sauti vilikuwa vimewashwa. Nafikiri walisikia hadi Mwamanyili!

Hajaja bado. Sikufichi, inauma. Wengine wanahama mabenchi nikipita, na mzee wa kanisa hanisalimii. Lakini kisima kiko pale pale na ndoo anayo, sikuichukua.

Nimepanda minyaa mipya kuzunguka kaburi lako, mbuzi wasipite. Nakuahidi hivi: kila msiba wa kijiji hiki, wa aliyebatizwa na asiyebatizwa, maji ya kwanza yatakuwa yangu. Na siku yangu ikifika, nimeshawaambia wanawake. Asipewe mimbari. Apewe jembe, avue koti, achimbe na wenzake, halafu ndipo aombe.

Lala, Kabula. Wabeja, mayu, asante kwa maziwa.

Mimi Milembe, mama Jilala.