Baba Awapa Pole Wajerumani

Mama, shikamoo kutoka Louisville. Joto la huku acha tu!

Leo tumetembelea klabu kongwe ya Wajerumani ya mazoezi ya viungo. Baba kuona ukuta umejaa picha za wazee wenye masharubu, na watu wamekaa kimya wanakunywa kahawa, akajua ni msiba. Akavua kofia, akawapa pole. Nikatafsiri huku natamani ardhi inimeze.

"Baba, hao ni waanzilishi," nikamnong'oneza. "Walikufa zamani!"

"Pole haichelewi."

Bibi mmoja akafuta machozi, eti hajawahi kupewa pole ya babu yake, yule wa pichani. Wakamlisha Baba soseji, wakampandisha farasi wao wa mbao wa mazoezi.

Wasalimie wote Buffalo. Tumekumisi. Suruali yake ikirudi imechanika, usiulize. Mpe pole.

Neema