Zamu ya Kumi na Nne

Kessler, Jumapili

Dada yangu Bernadette,

Salamu nyingi kutoka huku upande wetu wa mto. U hali gani? Mgongo unaendeleaje? Shemeji Curtis na watoto hawajambo? Sisi huku tunasukuma siku. Theluji imekwisha, yamebaki matope, na paa la jikoni kwa Baba linavuja palepale linapovujaga. Mimi mwili mzima. Mengine utayakuta humu ndani.

Najua utashangaa kupata barua. Mtu anakaa ng'ambo ya daraja tu, barua ya nini? Nimejaribu kupiga simu nikashindwa. Alhamisi nilikuja mpaka mbele ya nyumba yenu, nikakuona dirishani unaosha vyombo, nikageuza gari. Kwa hiyo naandika. Nakuomba uisome yote, hata ukikasirika katikati.

Jumamosi ile nyingine Eugene Tarr alituita baa ya maveterani, maana mechi ile ya besiboli inakaribia kutimiza mwaka. Eugene unamjua, yule mnene anayekaa mstari wetu uwanjani, mwenye sauti kama king'ora cha kiwanda. Walikuja karibu wote wa mstari. Kulikuwa na soseji na kabichi chachu na bia, na kila mtu akasimulia kipande chake. Huko kwenu Port Ellis, mliofungwa, najua hamtaki hata kuitaja, lakini huku imekuwa kama Krismasi. Mmoja anaapa kwamba alishika kikombe cha kahawa iliyopoa tangu zamu ya kumi, hakuinywa, hakukitua, na mkojo aliubana mpaka machozi yakamtoka. Mwingine akasema acha uongo wewe, ushindi niliuleta mimi nilipogeuza kofia ndani nje. Wakabishana hivyo, watu wazima wenye wajukuu.

Eugene akawanyamazisha. Akasema ushindi aliuleta Mzee Grabek, yaani Baba, kwa sababu ni yeye peke yake ambaye hakutikisika kwenye kiti mpaka mwisho. Wakagonga meza. Halafu akaongeza, "Na mzee wa watu binti yake mwenyewe alimkatia simu! Ndio Port Ellis hao! Ukiolewa kwao tu, moyo unageuka jiwe!" Baa nzima ikacheka.

Dada, na mimi nilicheka.

Wakaamua kwamba siku ya kufungua msimu, jina la Baba litaandikwa kwenye kiti chake, na mimi nitasimama kwenye kipaza sauti niisimulie mechi. Eugene akanipiga begani, akasema nisiisahau ile ya simu, itawachoma watu wa ng'ambo. Nikaitikia. Nikarudi nyumbani.

Ningekaa hivyo hivyo, nakwambia kweli. Lakini kesho yake shemeji Curtis alinipigia. Alisema umeacha kazi ya uuguzi. Alisema wodini simu ikilia mikono yako inatetemeka mpaka unashindwa kushika sindano, na nyumbani unaenda na simu hata chooni. Akanieleza ulivyomwambia, kwamba siku ile ya mechi uliwaambia watoto Babu akipiga msipokee, anataka kututania tu, na baadaye ukaona jina la Baba kwenye simu, na saa aliyopiga. Shemeji hakunilaumu kwa lolote. Aliniomba tu nije nizungumze na wewe, maana mimi ndiye niliyekuwa na Baba siku ile. Aliniita kaka. Nilikata simu nikakaa kwenye ngazi.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Si ile ya baa.

Unakumbuka jua la siku ile, kali kuliko kawaida ya mwezi wa tano. Zamu tisa ziliisha tukiwa sare, na besiboli haina sare, mnacheza mpaka mmoja aanguke. Ya kumi ikapita, ya kumi na moja ikapita. Baba alikuwa na furaha yake. Alikuwa anamzomea yule mrushaji mpira wenu mrefu, "Mkono huo umeuazima, mrudishie mwenyewe!" na watu wanakufa kwa kicheko. Na miko yake unaijua, umekua nayo kama mimi. Mchezo ukivuka zamu ya tisa, aliyekaa abaki amekaa, aliyesimama abaki amesimama, na mtu asizungumze na yeyote wa Port Ellis mpaka mpira wa mwisho. Unakumbuka alivyokufungia nje ya sebule mwaka ule ulipoanza kutoka na Curtis? Tulicheka, lakini tuliishika. Mimi niliishika kuliko yeye. Mwaka jana nilikuwa nimetoka kuachwa na mke, kiwanda kimefungwa, sikuwa na kitu kingine ninachoweza kusema ni changu.

Zamu ya kumi na mbili Baba alinyamaza. Nilimwona anajikanda mkono wa kushoto. Nikajiambia ni uchovu. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni, nikajiambia ni jua.

Zamu ya kumi na nne tulikuwa na watu wawili kwenye vituo, wanasubiri kukimbia, na mpigaji wetu mzuri anaingia. Uwanja wote umeshika pumzi. Hapo Baba akaniinamia. Akasema mkono umekuwa mzito na taya inamuuma, nikupigie nikuulize kama ni zile dawa mpya. Nikamwambia, "Baba, sasa hivi? Si wewe uliyetufundisha mtu haongei na Port Ellis?" Akaniangalia. Akasema, "Yule si Port Ellis, yule ni mwanangu. Piga."

Akanipa simu yake kwa sababu miwani aliiacha kwenye gari. Nilibonyeza jina lako. Ikalia mara moja, nikakata. Kidole changu hiki, dada. Nilimwambia, "Hapokei. Amekukatia." Nilisema kwa sauti, kwa hasira, ndiyo maana Eugene akasikia, akapaza lake, na mstari mzima ukacheka.

Wewe hukumkatia Baba simu. Hukupewa hata nafasi ya kupokea. Ungekuwa umeishika mkononi usingewahi. Jina uliloliona, nililiacha mimi.

Na usidhani nilisaidia timu. Mpigaji wetu alikosa mpira mara tatu, akatolewa, wale wawili wakabaki vituoni kama nguzo.

Gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa nyuma ya ubao wa matokeo tangu mchana, dereva wake anakula karanga. Ungepokea, wewe mtu wa wodi ya moyo, ungeniambia neno moja tu na ningemshika mkono nimpeleke kwa miguu. Daktari alituambia wote wawili, angewahi kufikishwa, huenda angepona. Wewe ulianguka pale koridoni hospitali. Mimi nilikushika nisianguke mwenyewe, na nikakaa kimya.

Tulishinda zamu ya kumi na sita. Mtu wetu aliteleza kwenye vumbi akafika kituo cha nyumbani, pointi ikaingia, watu wote wakaruka, bia ikamwagika kila mahali. Baba hakusimama. Eugene akapiga kelele, "Mwoneni mzee, bado anashika mwiko!" akamvalisha kofia yake. Mimi nilikuwa nimekumbatiana na mtu nisiyemjua. Nilipogeuka kumwinua nikaona mdomo wake umegeuka rangi.

Kuna kitu kingine, na hiki ndicho kinachoniamsha. Kwenye mazishi uliniuliza Baba alisema nini baada ya kukukosa. Nilikwambia hakusema kitu. Nilisema uongo, kwa sababu ningekupa maneno yake ningelazimika kukupa na ya kwangu. Baba alisema. Wengine wanacheka na Eugene anapiga kelele, yeye alinishika goti akasema taratibu, "Usiseme hivyo juu ya dada yako. Bernie hakati simu. Ana mgonjwa huyo. Tutampigia mchezo ukiisha." Hakukuwekea kinyongo hata kidogo. Aliyekuwekea ni mimi, na nimekuacha uamini ni yeye.

Siku ya kufungua msimu nitasimama kwenye kipaza sauti kama nilivyoahidi, na nitayasema haya, mbele ya Eugene na wote. Nilitaka wewe uyapate kwanza. Sikuombi unisamehe wala sikuombi uje. Nakuomba jambo moja, rudi wodini. Mikono yako haijakosa kitu.

Msalimie shemeji Curtis, mwambie ahsante kwa kuniita kaka, na kwamba nitaelewa akiacha. Wasalimie na watoto, kama utaona inafaa wajue salamu zimetoka kwa nani.

Mdogo wako,
Roman Grabek