Jitu la Kreni na Magari Manne

Jumatatu, 3 Machi

Boksi limefika. Kubwa kama televisheni. Mlinzi wa getini kanitania, eti nimeagiza jokofu. Sikucheka. Leo sicheki na mtu.

Mwenye duka anataka tathmini kabla ya wiki ijayo kuisha. Kasema niandike kama kawaida yangu, ila safari hii nipunguze pilipili. Pilipili! Miaka yote hii nachambua midoli ya duka lake na kuwaambia wazazi ukweli — hili litavunjika kabla hujalipeleka nyumbani, hili linapiga kelele mpaka utajuta kuzaa — leo ndiyo kagundua nina pilipili.

Chenyewe ni lori la kreni linalogeuka kuwa roboti. Juu ya boksi kuna picha: roboti kasimama, mikono minene, miguu minene, macho ya hasira kama mtu aliyeamshwa kwenye usingizi wake. Ukiangalia vizuri, ile mikono na miguu si yake. Ni magari madogo manne — zimamoto, ambulensi, teksi na tipa — yanajikunja na kujichomeka mwilini mwake. Nimefungua. Nimekung'uta boksi. Nimechungulia hadi chini ya lile povu gumu la kufungia. Hakuna hata gari moja! Halafu chini kabisa, kwa herufi za sisimizi: magari madogo huuzwa kando.

Yaani mtoto anapewa kiwiliwili. Kina vijikono na vijiguu vyake, vyembamba, vya kujishikiza tu. Kinasimama kama mgonjwa aliyeambiwa leo jaribu kutoka kitandani.

Jumanne, 4 Machi

Tumelichezea, mimi na Chiriku, alipotoka shule. (Kupewa jina hilo kulikuwa haki yake. Binti yangu hanyamazi hata akiwa na mswaki mdomoni.)

Mimi nilifuata karatasi ya maelekezo. Picha na mishale, mishale inayoelekea kusikojulikana. Nikakwama kwenye nyonga. Chiriku hakuitazama hata hiyo karatasi. Kageuza kichwa cha lori, kakunja kreni mgongoni, kifua kikafunguka, uso ukachomoza — klak! Kisha kanipa somo: Mama, wewe unalilazimisha. Unatakiwa ulisikilize kwanza linataka kwenda wapi.

Ana miaka minane. Sijui mdomo huo kautoa wapi. Najua. Kwangu.

Ya kazi: rangi safi, haitoki kwa ukucha. Bawaba za kifua imara. Nyonga ya kushoto kaidi. Stika za kubandika mwenyewe — moja nimeibandika upande, roboti sasa anaonekana kama kavaa tai akiwa kwenye haraka. Hakuna betri wala king'ora. Kwa hilo tu, waliolitengeneza wabarikiwe.

Halafu, akiwa anatafuna penseli, bila hata kuniangalia: "Hayo magari yake yapo kwa baba."

Magari gani?

"Hayo manne. Yote. Daktari ndiye alininunulia. Jitu lenyewe halikuwepo dukani."

Daktari ni mke mpya wa baba yake. Daktari wa meno. Jina lake siliandiki humu.

Kwa hiyo wao wana mikono na miguu, mimi nina kiwiliwili. Nimempigia dada yangu kumwambia, kacheka mpaka kakohoa: "Mdogo wangu, si ndio nyinyi wenyewe hao!" Nikamwambia aache ushairi, mimi niko kazini.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemuuliza mwenye duka kuhusu magari madogo. Bado yako njiani. Kasema niandike tu bila hayo. Haiwezekani! Kitu kizima ni kule kuungana. Ni kama kumwomba mtu aonje chai wakati maji hayajabandikwa.

Nimezunguka na simu mkononi asubuhi nzima. Kufua, nikafua. Kupiga deki, nikapiga. Mwisho nikamwandikia Baba Chiriku, kwa kifupi: naomba kuazima yale magari manne ya mtoto, ni ya kazi. Hiyo "ni ya kazi" niliiongeza makusudi, asije akadhani.

Jibu likaja haraka mno. Atayaleta mwenyewe Jumamosi. Alikuwa anataka tuongee hata hivyo.

Hata hivyo! Maneno hayo yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mtu aliyefungasha nguo zake bila neno, akaniachia kuumaliza ukimya wake peke yangu, leo ana maongezi.

Jumamosi, 8 Machi

Kaja. Kapungua. Miwani mipya. Meno meupe peee — bila shaka.

Niliandaa uso wangu tangu asubuhi, ule wa benki. Haukudumu. Hakukaa kwenye sofa, kakaa chini sakafuni kama zamani, kafungua mfuko, magari manne yakabingirika kwenye zulia. Chiriku akachukua uongozi. Baba, shika kiuno. Mama, chomeka zimamoto. Siyo hivyo, Mama! Teksi ikawa mkono wa kushoto. Ambulensi ikajikunja ikawa mguu, lakini tipa ikagoma kabisa. Kila tukiinyanyua roboti, mguu wa tipa unabaki sakafuni. Baba Chiriku kaukimbiza chini ya meza akiuita urudi, wenzake wanausubiri. Nikacheka! Nilicheka kwa sauti, mkono mdomoni, kama mjinga. Kisha mimi nikabonyeza kwa chini, yeye akasukuma kwa juu, komeo likashika.

Likasimama. Kimo cha meza. Zito, pana, halitikisiki. Chiriku karuka mpaka jirani wa chini kagonga dari yake. Nilirekodi video kwa ajili ya mwenye duka. Kwa muda wote huo nilisahau kumchukia mtu.

Nikamtuma Chiriku akanawe mikono, tule.

Hapo ndipo kasema. Hakuniangalia mimi, kaliangalia jitu. Daktari kapata kliniki yake mwenyewe, mji mwingine. Wanahama shule zikifungwa. Wanaomba Chiriku aende nao.

Kutembea?

"Kukaa," kasema. "Likizo atakuwa anakuja kwako."

Likizo! Mwanangu aje kwangu kama mtalii!

Nilisema mengi. Mengine siwezi hata kuyaandika hapa ambapo hakuna anayesoma. Yeye hakupandisha sauti, na hilo ndilo linaloniua kwa mtu huyu, huwa hapandishi sauti, anakuacha upige kelele peke yako mpaka uonekane ndiye mwenye kichaa. Kasema kuna shule nzuri, kuna bustani, Daktari anampenda mtoto. Kasema hakuja kugombana. Nifikirie. Atarudi Jumamosi.

Nikageuka, Chiriku kasimama mlango wa bafu, mikono inachuruzika maji.

"Baba, umeshamwambia?"

Alikuwa anajua. Mtoto asiyeweza kuficha hata zawadi yangu ya siku ya kuzaliwa, anayenitobolea siri kabla karatasi haijafungwa — hili kalificha. Kala nalo, kalala nalo, kaenda nalo shule na kurudi. Walimfundisha kuninyamazia mimi!

Jumapili, 9 Machi

Mkate na chai. Sina la kuandika.

Jumanne, 11 Machi

Nimeandika tathmini. Nyota moja. "Ulaghai uliopakwa rangi," nimeandika. "Mzazi, usikubali." Nikaituma kabla sijaisoma tena.

Mwenye duka kapiga muda huohuo. Video anaiona: jitu limesimama, mtoto anaruka, mama anacheka huku nyuma. Sasa hii nyota moja imetoka wapi? Halafu, kwa upole ambao sijauzoea kwake: "Nani kakuudhi, dada yangu?" Nikamkatia simu. Bora angenifokea.

Kilichobaki kilikuwa jaribio la kuangusha. Kila mdoli naupitisha hapo: juu ya meza, unasukumwa, unaangaliwa umeumia wapi. Ni kazi, si ukatili. Leo nililisukuma jitu mara ya kwanza kwa kazi. Zile nyingine sijui zilikuwa za nani.

Halikuvunjika. Kila likianguka linatawanyika — teksi huku, tipa kule, ambulensi chini ya kabati — halafu unaokota, unakagua, hata mkwaruzo hakuna. Nimeelewa baadaye. Klipu zimetengenezwa ziachie zenyewe kabla plastiki haijapasuka. Aliyelibuni alijua litaanguka tu, akaamua bora liachane kuliko livunjike. Mhandisi mwenye akili. Nimemchukia kwa moyo wote.

Sikumsikia Chiriku akiingia. Alikuwa na mkoba bado mgongoni. Kapiga magoti, kaanza kukusanya magari, moja moja, anayafuta kwa sketi ya shule. Kisha, akiwa kaingiza kichwa chini ya kabati:

"Mama, ukinikataza nisiende, utakaa umekasirika mpaka lini?"

Nikaokota teksi, nikampa.

"Na nikienda?"

Nikamwambia akabadili nguo za shule. Ndilo jibu nililompa mwanangu. Akabadili nguo za shule.

Ijumaa, 14 Machi

Dada kaja na sauti yake yote. Kwanza alitaka twende kwa wakili leo leo. Kisha alitaka yeye mwenyewe aende akamng'oe Daktari meno, bila ganzi. Tulicheka, halafu nikalia, halafu akanifuta uso kwa kanga yake. Mwisho kaniuliza kama nimemuuliza mtoto mwenyewe anataka nini.

Sikuwa nimemuuliza. Wiki nzima! Nimelipima jitu hili kila kiungo. Mtoto sijamuuliza.

Kabla sijathubutu nikaandika upya tathmini, kujipa moyo. Nyota nne. Nimeandika kwamba roboti hii ni imara kuliko inavyoonekana. Kwamba inahitaji watu wawili kuiunganisha, mmoja chini na mmoja juu, hivyo asipewe mtoto anayecheza peke yake. Kwamba ikianguka haivunjiki. Nyota moja nimeibana, nikaeleza kwa nini: picha ya kwenye boksi inaahidi mwili mzima na ndani mna kiwiliwili. Hilo silisamehe. Mwenye duka kajibu: "Pilipili ya kutosha. Asante."

Chiriku alikuwa anachora. Nikakaa pembeni yake, nikamuuliza. Ungependa kukaa wapi, mama?

Kaweka penseli chini. Kaniangalia usoni, kwa makini, anatafuta kitu — vile muuza duka anavyomtazama mteja kujua leo atanunua nini.

"Nyinyi mnataka nini?"

Nikasema namuuliza yeye. Kasema kule kuna chumba chenye dirisha kubwa. Kasema hapa kuna mimi. Kasema akisema huku baba atanyamaza, akisema kule mimi nitapiga deki. Kisha akachukua penseli akaendelea kuchora.

Nitapiga deki! Kumbe inaonekana.

Jumamosi, 15 Machi

Wamefika mapema kuliko nilivyotegemea. Ndiyo, wamefika — kaja na Daktari. Mara ya kwanza mwanamke huyu kuingia humu ndani. Nilimjenga mrefu kichwani mwangu. Ni mfupi. Kavua viatu mlangoni bila kuambiwa, kaviweka sawasawa ukutani, kisha kanipa shikamoo. Shikamoo, dada! Tunalingana umri, kama hanizidi. Nikaitikia, ningefanyaje?

Wamekaa kwenye sofa, wawili, magoti yamebanana kama watu walioitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Baba Chiriku kafungua mdomo. Nikasema subirini kidogo, nakuja. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango. Niko hapa ukingoni mwa kitanda naandika ili mikono iwe na kazi.

Majibu ninayo. Ninayo mawili. Usiku nilimwambia dada moja tu kati ya hayo, asubuhi nimeamka na la pili. Nikisema hapana, nitabaki na mtoto anayenichungulia uso kila akitaka kusema neno. Nikisema ndiyo — sijui nikisema ndiyo nitabaki na nini. Midoli ya watu.

Ukuta huu ni mwembamba. Nawasikia. Daktari anauliza kwa sauti ndogo kama wangeondoka, warudi siku nyingine. Baba Chiriku hajibu. Kama kawaida. Chiriku ndiye anayejibu: "Mama anafikiria. Akiwa anafikiria hatumsumbui." Anawaeleza mimi ni mtu wa namna gani! Anawafasiria mama yake!

Sasa kabati linafunguliwa. Anawaonyesha vikombe vilipo.

Vikombe vinagongana.

Kuna hatua zinakuja huku. Nyepesi. Za peku. Zimeishia mlangoni kwangu na hazifungui.

Anagonga.

Mtoto huyu tangu ajue kutembea hajawahi kugonga mlango wangu. Huingia kama upepo — nikiwa naoga, nikiwa nimelala, nikiwa nalia. Nimemfokea mara ngapi kwa hilo. Nani kamfundisha? Huko kwao ndivyo wanavyofanya?

Anagonga tena, taratibu, kwa kidole kimoja.

"Hodi, Mama."

Hodi! Na hasukumi. Kasimama nje ya mlango wa mama yake, anangoja nimwambie karibu —