Nilimwandikisha Mama Kama Tajiri

Mshauri mpendwa, barua mbili za kwanza nilizichana, hii naomba uisome hadi mwisho unisaidie. Nimemaliza shule mwaka huu na naishi na mama, ambaye hufua nguo za watu, na ulipokuja uandikishaji wa bima mpya ya afya alinituma mimi kwa kuwa nimesoma, nikapanga foleni, na nyuma yangu akasimama msichana tuliyesoma naye, wa ile familia yenye duka la dawa, sasa mwandikishaji akaanza kuniuliza kwa sauti kubwa, mna friji, nikasema tunayo, sakafu ni ya vigae, nikasema ndiyo, choo kiko ndani, nikasema viwili, na vyote hivyo vilikuwa vya nyumba anakofua mama, maana sisi tuna chumba kimoja na choo tunatumia na wapangaji wengine sita.

Tumepangiwa mchango wa watu wenye uwezo, mama hawezi kuulipa, kadi haifanyi kazi, na vidonge vyake vya presha anavikata nusu ili vifike mwisho wa mwezi. Juzi aliniambia, "Labda walipita wakaona nguo za watu kwenye kamba yangu, wakadhani zangu." Nilicheka naye, kisha nikaenda kulia nyuma ya nyumba. Nikimwambia ukweli, ataniamini tena?

Binti mwenye aibu

Pole, mwanangu. Kwa umri wako, na mwenzako kasimama mgongoni, wengi tungeongeza hata gari. Na huyo anayeuliza habari za choo mbele ya foleni nzima naye ana lake la kujibu, kwa sababu bima hii imeletwa kwa ajili ya watu kama mama yako, na hao ndio wanaoona haya kusema hawana. Lakini kumtazama anakata vidonge nawe umenyamaza, hapo nakugombeza.

Mwambie leo, bila kuzunguka. Atakasirika, na ana haki. Kesho nendeni zahanati, mweleze muuguzi kwamba amekuwa akinywa nusu, apimwe. Kisha rudi ofisi ya uandikishaji, omba kuzungumza na msimamizi pembeni, sema majibu yalikuwa ya uongo na ni yako, waje hata nyumbani kutathmini upya. Wakisema "njoo wiki ijayo," waandike tarehe.

Kama atakuamini tena, sijui. Ila ukizidi kuchelewa, swali hilo linaweza kukosa wa kulijibu.