Mvinyo wa Miguu

Maskati, 12 Januari 2025

Baba yangu Ildefonce, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima.

Wazazi wa Raymond watafika Kamachumu mwezi ujao kuleta posa. Mama yake ni mwalimu mkuu, baba yake wakili, na Raymond nilimwambia wewe ni mfanyabiashara wa kahawa. Nakuomba, Baba, usiwapokee kwa rubisi, hiyo pombe yako ya ndizi. Wanunulie soda. Ule mtumbwi wa kukamulia ndizi ufunike, na uvae viatu, maana nyayo zako zimeshika weusi wa utomvu. Usinielewe vibaya.

Binti yako, Evodia

Kamachumu, 16 Februari 2025

Mwanangu Evodia, marahaba. Mgongo haujambo.

Wageni wamekuja, wamekunywa soda, wameondoka wakicheka. Mtumbwi niliufunika kwa majani ya mgomba. Viatu nilivyoazima kwa baba yako mdogo Godson vilinibana, na mambo ya bei ya kahawa siyajui. Basi nikamkalisha Godson kwenye kiti changu. Mimi wakaambiwa ni baba yako mkubwa. Posa imekubaliwa, moyo wako utulie.

Baba yako, Ildefonce

Maskati, 9 Machi 2025

Baba, shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi mwili mzima, lakini aibu imenishika.

Ramadhani hii baa ya hoteli yetu imefungwa, kwa hiyo meneja anatufundisha mvinyo bila kuonja. Juzi ilikuwa zamu ya mvinyo mwekundu wa Ureno. Wanachanganya zabibu za aina tatu: moja ya rangi, moja ya harufu, moja ya kuupa nguvu. Wanazimwaga kwenye birika la mawe, wanaume wanakunja suruali, wanashikana mabega, wanazikanyaga mpaka maganda yatoe rangi. Ukishachacha, unalazwa kwenye mapipa ya mbao. Tukaonyeshwa video. Baba, nyayo zao ni kama zako kabisa! Na wageni wakubwa wanauagiza kwa heshima, tunawamiminia kidogo waonje kwanza, kama wewe unavyoonja kibuyu mbele ya mgeni.

Meneja akauliza nani amewahi kuona watu wakikamua kwa miguu. Sikunyanyua mkono. Bupe, ninayeishi naye, akaninong'oneza, "Uchafu mtupu!" Nikacheka naye. Halafu nikaenda chooni nikalia.

Nisamehe. Siku ya harusi nataka rubisi, na nataka wewe unikabidhi kwa Raymond. Hivi unachanganya ndizi zipi?

Binti yako, Evodia

Kamachumu, 27 Aprili 2025

Mwanangu, marahaba. Pasaka tumekula vizuri. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Hao Wareno nimewapenda. Waulize kama wanatia nyasi, maana bila nyasi mimi ndizi zinaniteleza tu. Nachanganya ndizi kali za pombe na kidogo zile tamu, kisha unga wa mtama uliokaangwa. Rubisi ya harusi nitakamua mwenyewe.

Ila hilo la kukukabidhi ni gumu. Wakwe zako wanampigia Godson simu kila Jumapili, wanamwita Baba Evodia, naye anaitika. Tukiwaambia leo, watauliza ulikuwa unaficha nini. Sitaki uaibike tena kwa ajili yangu. Nitakaa nyuma na wakamuaji wenzangu, na kibuyu cha kwanza nitakuonjea mimi. Ukipita, nitakupungia mkono.

Baba yako mkubwa, Ildefonce