Mshumaa Kwenye Mlango wa Beatus

Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Sikukuu, lakini nimefungua. Namfungulia nani? Sijui. Tangu asubuhi wamepita hapa soko la zamani mbuzi wawili na mzee mmoja aliyepotea. Mzee aliuliza stendi iko wapi. Stendi! Baba, stendi ilihama, soko likaifuata, watu wakalifuata soko. Nimebaki mimi na cherehani yangu, kinyozi mmoja, na milango ya bati ambayo kufuli zake zimeota kutu.

Mchana akaja Gosbert, mtoto wa mwalimu Ponsiano wa Viwanja Sitini. Amerudi kutoka Dar na nywele za kusokota na maneno mengi. Ana mradi. Unaitwa Rudi Mjini. Watachora kwenye milango iliyofungwa sura za watu waliokuwa wakiuza hapa. Halafu kila Jumamosi ngoma, chakula, watu wakae. Anasema mji una moyo, na moyo wenyewe ni hapa. Nikamwambia moyo huo umesimama, alete daktari kwanza. Akacheka. Mimi sikucheka.

Lakini chai nilimpa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mchoraji ni msichana, Careen. Mkimya, hata shikamoo haimtoki mdomoni, na kwenye ngazi haogopi. Leo amemaliza mama Rosemery wa vitumbua. Jamani! Ni yeye kabisa, mpaka lile jicho alilokuwa analifumba akitaka kukupa vitumbua vya jana. Watu wamekuja kumtazama, wengine wametoka soko jipya kwa miguu. Binti yake alilia. Rosemery alifariki mwaka juzi, kwa hiyo chini ya sura yake Careen amechora mshumaa. Ndio utaratibu wao. Aliye hai hana mshumaa, marehemu anao. Ufunguzi ni Novemba mbili, Siku ya Marehemu Wote, ili watu wakitoka makaburini wapitie hapa. Akili Gosbert anayo, siwezi kumnyima.

Kisha Gosbert akaniuliza kwa adabu. Ule mlango wa pembeni, wa shemeji — una picha yake, dada Tekla?

Mlango wa Beatus. Mume wangu. Aliuza kambale na perege wa kukausha, harufu yake bado imo kwenye mbao. Masika ya 2020 alikwenda dago, kambi ya wavuvi huko mtoni, kununua mzigo, na mwaka ule mto ulikuwa umemeza bonde zima. Mtumbwi ulikutwa umepinduka kwenye matete. Yeye hakuonekana. Si siku ile, wala mpaka leo.

Msiba haukuwekwa. Mama mkwe, Stefania, alikataa katakata. "Mwanangu hajafa, amechelewa." Haya, amechelewa. Kila jioni kule Lipangalala mama anampakulia sahani yake na kuifunika. Asubuhi naila mimi, maana chakula hakitupwi. Miaka minne nakula kiporo cha mume wangu!

Picha nimetoa.

Jumanne, 22 Oktoba

Amemchora. Nilikaa nimempa mgongo siku nzima, nashona sare za msiba wa watu wa Kibaoni. Mara nikageuka. Huyo hapo! Ananiangalia kama siku ile alipokuja kwetu Mahenge kujitambulisha, shati limembana, anaogopa mbwa.

Careen akauliza, na mshumaa, dada?

Nikakanyaga cherehani.

Akasubiri. Akauliza tena, polepole. Nikabadilisha uzi ambao ulikuwa haujaisha. Akashuka, akapanda, nikasikia brashi. Nilipofunga jioni mshumaa ulikuwepo, mdogo, wa njano.

Sikusema weka. Sikusema usiweke. Nashonea wajane wa mji mzima na mwenyewe sijui nivae nini. Si mke, si mjane. Mwanangu Oliva akirudi kutoka bweni hanaga swali jingine, baba yupo au hayupo, na mimi namwambia muulize bibi. Nimechoka. Sitaki mwanaume mwingine mimi, nani ana nguvu hizo! Nataka kulia tu, mara moja, kwa sauti, watu wanishike mabega kama wanavyoshikwa wenzangu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mazoezi ya ngoma ya sangula sokoni. Watu wapo, si wengi. Mwanaume mmoja simjui alisimama mbele ya Beatus, akavua kofia. Nikaona nafuu. Halafu nikajiona mchafu, nikafunga mapema.

Jumatano, 30 Oktoba

Mama amesikia. Aliniuliza jikoni, ati mnachora watu kule sokoni? Ndiyo, mama. Na Beatus yumo? Ndiyo, mama. Akapiga vigelegele! Peke yake, mwiko mkononi. Akasema akirudi atajiona, atajua hatukumsahau.

Habari ya mshumaa hajui.

Nikakimbia mjini bila hata kufunga kitenge vizuri. Careen futa, nakuomba. Yeye tayari, anasema atapaka juu yake. Gosbert ndiye aliyekataa. Picha ya mlango huo imeshatumwa kwa wageni wanaofadhili mradi, tusubiri ufunguzi upite. Halafu akaniuliza kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi: kwani dada, si kweli?

Nikanyamaza tena. Mimi! Ulimi unaomjibu hata diwani. Kopo la rangi lilikuwa miguuni pangu, na brashi juu yake. Ningeinama tu. Sikuinama.

Jumamosi, 2 Novemba

Asubuhi. Mama amevaa gauni nililomshonea. Tunakwenda makaburini kwa baba mkwe. Nimemwambia jua la leo kali, tukitoka huko akapumzike nyumbani. Ameniangalia tu. Bwana, nisaidie.

Jumapili, 3 Novemba

Jana sikuweza kuandika.

Mama hakurudi nyumbani. Tulipotoka makaburini alinishika mkono, akasema twende nikamwone mwanangu. Nikasema miguu yako, mama. Akasema miguu ni yangu. Nani angemzuia Stefania!

Ngoma zilikuwa zimeanza. Alipita katikati ya watu anasalimia, anatabasamu, gauni jipya, kila mtu shikamoo bibi, marahaba, marahaba. Akafika mlangoni. Akamtazama juu. Akamgusa shavu. Mkono ukashuka polepole, ukafika kwenye mshumaa, ukasimama hapo.

Tangu asubuhi alikuwa amewasha mishumaa makaburini. Haikuhitaji maelezo.

Akauliza: "Nani kawaambia?"

Ngoma moja ikaendelea kidogo, nayo ikanyamaza. Gosbert akaanza, bibi, sisi kama mradi — mtu akamvuta shati.

"Nimeuliza nani kawaambia. Mmemuona? Mmemzika wapi? Nionyesheni niende."

Na mimi nyuma yake, hatua mbili, nimebeba mkoba wake.

Basi akavua viatu, akaviweka sawasawa kama anaingia kulala, akakaa chini, akanyoosha miguu. Akasema mmeweka msiba nyinyi, kaeni basi. Kisha akalia. Mama yangu! Kilio cha miaka minne. Sikujua kifua kile kina sauti ile.

Nani atapita mama mtu mzima akilia chini hivyo? Wa mahindi ya kuchoma aliacha jiko, akakaa. Wacheza ngoma wakavua njuga, wakakaa. Wakaja wa soko jipya na kanga viunoni. Jioni turubai limefungwa kutoka kwa kinyozi mpaka kwangu, masufuria ya wali yako motoni, wanaume wako kwenye viti vya kigango. Leo baada ya misa ndio usiseme. Lipangalala yote, Kibaoni yote. Soko la zamani limejaa, pa kukanyaga hakuna! Gosbert alitaka watu warudi mjini. Haya, wamerudi.

Amenijia leo, macho mekundu, ameomba msamaha. Nikaanza kumhurumia. Halafu akaongeza kwamba wageni wake watafika Jumanne, na kama msiba ungeweza kukaa mpaka Jumanne... Nilimtazama mpaka akaondoka mwenyewe. Careen yuko jikoni anaosha vyombo tangu jana. Amechora aliyoyaona kwangu, maskini.

Mimi nilikaa wapi? Hilo watu wanalitazama. Mjane hukaa mkekani na mama. Mimi nimekaa jikoni, nachambua mchele. Shangazi Bernadetha aliniita, njoo ukae pahali pako. Nikasema mchele una mawe.

Na mama, chakula kilipoletwa, alichota wali wa msiba kwenye sahani, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka ubavuni. Wanawake wakatazamana. Wanalilia marehemu, na marehemu kabakiziwa chakula!

Jumatatu, 4 Novemba

Baba mdogo Hermenegildi ameshuka na treni kutoka Uchindile. Ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Hakusalimia watu, alikwenda moja kwa moja kwenye mlango, akamtazama Beatus muda mrefu. Kisha akasema msiba huu amekuta umeanzia miguuni. Kwao msiba una mleta habari. Mtu huja, husimama mbele ya wenye mtoto, husema fulani hayupo, nimekuja kuwaambia. Ndipo watu walie. Hapa watu wanalia, na mleta habari hana jina. Mlango hauleti habari, anasema. Rangi hailetwi mbele ya ukoo. Akipatikana mtu, atamaliza msiba kwa utaratibu, watu waende zao. Asipopatikana, turubai lishuke leo leo na Beatus ahesabiwe amechelewa.

Amechelewa. Mpaka lini? Mpaka mama naye afe, nibaki napakua na kufunika mimi?

Nimeingia ndani ya kibanda cha Beatus kwa mlango wa nyuma, nimejifungia. Kitasa ni kile kile. Naandika juu ya meza ya samaki. Kwenye bati kuna tundu la msumari, namwona mama mgongo, karibu kabisa, sahani ya jana bado ubavuni.

Baba mdogo anauliza sasa. Kwa sauti. Nani ameleta habari?

Gosbert anamtazama Careen. Careen ameinuka, mikono ina povu, anatazama huku mlangoni. Ananisubiri! Kama siku ile chini ya ngazi.

Mama anaivuta sahani. Anaifunua. Wali umekauka, naona kutoka hapa. Ametengeneza tonge.

Anakula.

Mungu wangu, anakula. Anatafuna polepole kama mtoto anayenyweshwa dawa, machozi yanaingia kwenye wali, na anakula. Mara amegonga bati kwa mgongo wa mkono, hapa hapa nilipo. Kumbe alijua niko ndani.

"Tekla." Hajawahi kuniita hivyo tangu nimzae Oliva. "Njoo tukimalize chakula hiki. Leo kisilale."

Baba mdogo anauliza mara ya pili.

Nikitoka nikala naye, nimejibu kwamba mleta habari ni mimi. Naandika tu ili nisisimame. Kiko nusu sahani bado, ameanza kunisogezea upande wangu