Nyamizi Alipotuketisha Njiani

Baba,

Shuleni walitufundisha kwamba barua huanza kwa kumuuliza mtu hali yake. Yako siwezi kuiuliza, basi naanza na yetu. Mama, mkeo, ni mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Tumemleta mjini, anaishi nasi hapa Ng'ambo, na kila alfajiri anagombana na honi ya treni kana kwamba dereva anaipiga makusudi ili kumwamsha yeye. Yule mtoto aliyekuwa tumboni mwangu ulipotuacha ni msichana. Ameanza kuota meno na anamng'ata kila mtu.

Karanga zako tulizivuna. Ulizipanda wewe, tukazing'oa sisi. Shina la kwanza lilipotoka na udongo wake nililia, mkeo akaniambia, "Lia, lakini usizikanyage."

Ninalotaka kukuambia ni habari ya Nyamizi, mjukuu wako mkubwa. Ungekuwepo ningekuja tu nikakaa karibu na wewe, ukaendelea kusuka kamba zako bila kunitazama, nikasema yote. Sasa sina pa kukaa. Naandika.

Unakumbuka mume wangu alipohamishiwa Usinge na kazi zake za reli, na kule hatukupata shule ya Nyamizi, tukampeleka kwa shangazi yake Igunga. Ulimpa muwa akatafune njiani. Basi alirudi kwa ajili ya msiba wako, na aliyerudi, baba, hakuwa yule wa muwa.

Shangazi yake simsemi vibaya. Alimlisha, alimvisha, alimfundisha kushona hadi tundu za vifungo. Lakini katika nyumba ile mtoto akifungua mdomo huulizwa, "Nani kakuuliza wewe?" Akicheka huambiwa, "Unacheka nini, una meno mapya?" Akipika vizuri hakuna anayesema. Akiunguza, wageni wote wanaelezwa, hata wa kesho yake. Nadhani shangazi mwenyewe alilelewa hivyo hivyo, na akaona amekuwa mtu.

Nyamizi alirudi mrefu, nguo safi, na akizungumza anazungumza na bega lake. Nikimtuma dukani kwa Mhindi anasimama mlangoni mpaka watu wote waishe, na wengine wakija anawapisha. Nikimuuliza, unataka uji au viazi, anasema, "Vyovyote, mama." Nguo ya bluu au nyekundu? "Vyovyote, mama." Siku moja nilimkuta amekalia mkono wake ulioungua kwa mvuke, hakutaka mtu ajue.

Baba yake alifurahi sana. Aliniambia, "Dada yangu kamtengeneza huyu. Ona alivyotulia." Akaamua baada ya mavuno arudi Igunga. Mimi nikasema hapana, sasa reli imeturudisha Tabora, shule ipo, mtoto akae na sisi asome. Tulivutana siku kadhaa. Mume wangu si mkali, unamjua, ila hapendi kuonekana amegeuzwa. Mwisho akasema mbele ya Nyamizi mwenyewe, "Aseme. Ana mdomo. Mpaka siku ya basi la Igunga akiwa kimya, nitajua anataka kwenda."

Nyamizi alitazama vidole vya miguu yake. Nikaona mtoto wangu anaondoka kwa sababu ya kunyamaza tu.

Usiku huo nilikuwaza wewe.

Nilikuwa wa umri wake tulipokuwa tukileta asali na nta mjini kwa ile njia ya zamani ya misafara inayopita Kwihara. Wewe debe kichwani, mimi kibuyu na mkeka wa kulalia. Ulinisimulia kwamba babu alipokuwa akibeba pembe kwenda pwani, katika kundi lao aliyebeba kidogo kuliko wote, na mara nyingi alikuwa mtoto wa kubeba chungu, huyo ndiye aliyepewa kusema "tupumzike". Wakubwa wote walisubiri neno lake. Sijui kama misafara yote ilikuwa hivyo au ni kundi la babu tu. Wewe uliifanya sheria ya nyumba yetu.

"Kiongozi, vipi?" ulikuwa ukiniuliza. "Bado," nilikuwa nikijibu, nikijikaza shingo. Wanaume tuliofuatana nao walikucheka. "Mzee, unaburutwa na katoto ka kike!" Ukawajibu, "Na nyie mnaburutwa na nani? Njaa?"

Halafu ile siku nilipowasimamisha uwandani, jua la saa sita, hakuna hata kichaka. Sikuwa nimechoka, baba. Nilitaka tu kuona kama mtasimama kweli. Watu waliguna. Mmoja akasema, "Kivuli kile pale, tunakiona kwa macho!" Wewe ukatua debe lako ukakaa juani na upara wako wazi. Hukunikaripia. Jasho likakutiririka hadi kwenye ndevu, nta ikaanza kulainika na kunukia, na nzi wakaja. Ulichosema ni, "Ukishapumzika, utuambie."

Baada ya hapo nikawa nasikiliza kwanza watu wanavyopumua, ndipo nafungua mdomo.

Hukuwahi kuniambia mimi ni hodari. Najaribu kukumbuka hata mara moja, sioni. Lakini tulipofika mjini nilimwamkia mwenye duka kwa sauti kamili, kama mtu aliyekuja na watu wake. Nilikuwa nimewafikisha. Mpaka leo nikiingia mahali penye watu wengi nasimama vile, na sikujua namna hiyo ya kusimama nimeitoa wapi mpaka nilipomwona mwanangu hana.

Basi tulipomaliza karanga, tukaondoka kijijini kurudi mjini, mimi nikambebesha Nyamizi kifurushi kidogo kuliko vyote. Nikasema wote wasikie, "Leo Nyamizi ndiye atakayesema tupumzike. Asiposema, tunakwenda." Mkeo alielewa mara moja, akanitazama sana. Mume wangu akacheka, "Haya, tuongozwe," akatangulia na baiskeli na gunia lake, maana unajua hapendi kumkaribia mkwewe njiani.

Tukaenda, baba. Tukapita pale kisimani. Tukapita ule mkuyu tuliokuwa tukila viazi vyetu chini yake. Nyamizi kimya. Mtoto mgongoni kwangu ameamka, analia, ameloa. Kimya. Tukaipita Kwihara nzima. Miguu yangu iliwaka na ulimi ulikuwa umekauka, na neno lilikuwa hapa mdomoni, tupumzike, tupumzike tu basi, lakini ningelisema mimi lingekuwa langu. Mkeo anachechemea nyuma, akasema kwa sauti, "Mke mwenzangu, mbona unatupeleka Bagamoyo? Niambie mapema nifunge virago vya pwani." Bado anamwita mjukuu wake mke mwenzake, hata wewe ukiwa hupo. Nyamizi akataka kucheka, akaziba mdomo. Lakini nilimwona anageuka kumtazama bibi yake miguuni. Akageuka tena. Na tena.

Nyumba za Ng'ambo zikaonekana. Nikakata tamaa. Nikajisemea, basi, tumefika, na basi la Igunga ni keshokutwa.

Ndipo akasema, "Tupumzike." Alilisema kwa bega lake. Baba yake yuko mbele, hakusikia, anaendelea na baiskeli yake. Nilimwona Nyamizi anameza mate. Nilijua akilimeza na neno lile, limekwenda moja kwa moja. Sikumsaidia, na ilinigharimu.

"Baba!" Sauti ilipasuka katikati, kama ya mtu aliyelala siku nyingi. "Simama! Bibi amechoka. Tupumzike."

Mume wangu akageuka. "Hapa? Mwanangu, si tumefika? Mlango ule pale, naona hata kuku wetu."

Nyamizi akafungua mdomo, akaufumba. Mkeo hakusubiri mtu. Alitua mzigo wake, akajishusha chini vumbini katikati ya njia, akanyoosha miguu. "Mimi nimeambiwa tupumzike," akasema, akaanza kujipepea kwa upande wa kanga.

Mume wangu alitazama nyumba. Akamtazama mkwewe aliyekaa chini na yeye amesimama. Akamtazama binti yake, kwa muda mrefu. Kisha akailaza baiskeli na gunia lake, akakaa. Sijui alikaa kwa heshima ya mkwe au kwa neno la mwanawe. Sijamuuliza, na sitamuuliza. Nyamizi alimwona amekaa.

Tulikaa pale, baba, familia nzima, kuku wetu wakituona. Majirani wakaanza kujitokeza. "Vipi, mmepoteza ufunguo?" "Kuna mgonjwa?" Mkeo akawajibu, "Tunapumzika. Kwani kwenu hampumziki?" Mimi nilicheka mpaka nikatoa machozi, nikamnyonyesha mtoto palepale. Mume wangu alikuwa akichora vumbi kwa kijiti, aibu imemjaa, lakini hakuinuka.

Tukasubiri. Hakuna aliyemharakisha. Nyamizi alikaa na kifurushi mapajani, akawatazama majirani, akatutazama sisi tuliokaa kwa ajili yake. Akasema, polepole lakini kwa baba yake, si kwa bega, "Baba, Igunga siendi. Nataka shule ya hapa."

"Nimekusikia," baba yake akasema. Akachora tena kidogo. "Shangazi yako atanisema."

"Mwambie nimesema mimi."

Mkeo akageuza uso. Alijifanya nzi kamwingia jichoni.

Kisha Nyamizi akasimama, akajifuta vumbi, akasema twendeni, tukainuka wote.

Sikudanganyi kwamba kila kitu kimekaa sawa. Shule ameanza, na mwalimu anasema hanyanyui mkono ila akiulizwa anajibu. Akicheka bado mkono unakwenda mdomoni. Shangazi yake ametuma salamu kali kupitia dereva wa basi, kwamba tunamharibu mtoto. Mume wangu alizisikiliza zote, akasema mtoto anasoma. Na siku hizi, baba, kabla ya kuamua jambo la nyumbani naona anamtazama Nyamizi kidogo. Haulizi. Anatazama tu. Kwake hiyo ni hatua.

Ninalokuahidi ni hili. Mdogo wake huyu wa meno sitampeleka kwingine akalelewe bila mimi kujua anajibiwa nini akiuliza. Na Nyamizi sitamnyamazisha, hata atakaposema lisilonipendeza. Hilo ni gumu kuliko nilivyofikiri. Jana jioni, mbele ya wageni, aliniambia, "Mama, kisamvu hiki hakijaiva." Niliumia. Wageni wakanitazama wakingoja nimwambie kitu. Nikaonja. Nikakusanya sahani zote, nikakirudisha motoni.

Pumzika, baba. Sisi huku tunakwenda taratibu.

Mwanao wa kibuyu,
Mama Nyamizi